Mwanapili na Skrini Iliyouliza

Mwanapili, karani wa hoteli moja ya Diani, alikuwa na vidole vyepesi na uso usioweza kuficha furaha. Mwaka 1998 hoteli ilileta programu mpya ya kompyuta, na meneja akamtaka aziingize habari za wafanyakazi wote kabla ya Ijumaa. Kwa kila mfanyakazi kulikuwa na skrini kadhaa za kujaza. Ijumaa hiyohiyo, kule Msambweni, Hafsa, binti wa marehemu dada yake, alikuwa anaolewa, na Mwanapili ndiye somo wake, wa kumfunda na kumpamba. Kazi isipokwisha, ruhusa hakuna.

"Hutaandika mmoja mmoja, mama," alisema Gerishom, fundi wa kompyuta kutoka Kakamega. "Jaza mtu mmoja, mashine irekodi unavyofanya. Halafu itawajaza wengine yenyewe, kwa mkupuo, ikiwasoma kwenye faili ya orodha yako ya zamani."

"Bila mimi?"

"Bila wewe."

Mwanapili akaitazama mikono yake. Kisha akacheka. "Basi rekodi upesi, mwanangu. Mwari ananingoja."

Akamjaza Rael, mwoka keki kutoka bara. Gerishom akauachia mkupuo. Skrini zikapita zenyewe, moja baada ya nyingine, na Mwanapili akapiga kigelegele hata wahudumu wakaja kuchungulia. Ghafla zikasimama. Mashine ilikuwa ikiuliza: jina hili lipo tayari, niendelee? Kwa Rael swali hilo halikutokea, kwa hiyo mkupuo haukuwa na jibu.

"Mwero Rai," Gerishom akasoma. "Umemwandika mara mbili."

"Sikumwandika mara mbili. Wa bustani ni babu, wa jikoni ni mjukuu."

"Na baba?"

"Rai Mwero. Yule afuaye mashuka."

"Ala! Nyinyi Wadigo mnazunguka tu?"

"Mjukuu humrithi babu jina. Kwenu je?"

"Kwetu pia, ila padri huongeza lake."

Wakacheka wote wawili, kisha wakainamia kazi. Wakarekodi upya kwa Mwero mjukuu, safari hii pamoja na kulijibu lile swali. Wenye majina yaliyokwisha kuingia wakawekwa kwenye mkupuo wao wa pili. Wengine wakabaki kwenye ule wa kwanza. Gerishom alitafuta majina yaliyojirudia, Mwanapili akamweleza nani babu na nani mjukuu, na nani aliyemwudhi nani kwenye arusi ipi.

Alhamisi alasiri mkupuo wa pili ulifika mwisho bila kusimama. Meneja akatia sahihi ruhusa. Mwanapili alikwisha kuvaa buibui.

"Mama, na mimi nije?" Gerishom akauliza.

"Karibu sana. Lakini chumbani kwa mwari huingii. Utakaa nje na wanaume, pilau itakufuata hukohuko."

Jioni ile Hafsa alimwona somo wake mlangoni, akalia, kisha akacheka, na wanawake wakaanza kuimba.