Chungu Kisichofika Motoni

Wakati wa kipupwe, upepo ukivuma Lingeka mpaka mbwa wanalala majivuni, hakuna mwanaume wa mji ule aliyeacha kuuliza jioni: "Benedikta kapika?" Wanaume wa ukoo walikula pamoja nje, kwenye moto wa shikome. Kila mke alipeleka pale alichopika, nao wakachovya bakuli moja. Ila supu iliyongojewa ilikuwa ya Benedikta. Kunde zikiwa bado changa, alichuma majani yake, akayachemsha na kuyaanika. Hiyo ndiyo nsansa. Baridi ikiingia aliiloweka, akaipika polepole na mifupa ya ng'ombe na vipande vya boga, mwishoni akamimina karanga zilizotwangwa. Ukiinywa, jasho linakutoka puani.

Mwaka huu harufu ilifika motoni, chungu hakikufika.

"Shemeji, tumekukosea nini?" aliuliza Limbu, kaka mkubwa wa marehemu mumewe Paschal, amesimama mlangoni pa jiko na blanketi mabegani.

"Wewe hujanikosea. Anayejua yuko pale, kausogelea moto kuliko wote. Muulizeni."

Aliyeusogelea moto ni Mayige, mdogo wa marehemu. Masika, Paschal alipobanwa na kifua, na njia imekuwa tope hata pikipiki hazipiti, Benedikta alimwendea Mayige kuomba mkokoteni wa ng'ombe. Mayige akamjibu mbele ya watu: "Ekseli imekatika, shemeji. Nifanyeje?" Vijana wakambeba Paschal na kitanda chake mabegani. Hakufika kituo cha afya. Mungu amlaze pema.

Siku ya mazishi, kwa kiherehere cha kusifiwa, Mayige akaleta kuni za msiba. Alizileta kwa mkokoteni ule ule, ekseli nzima, ng'ombe wamenona. Watu wakamshukuru. Benedikta, kwenye mkeka wa wafiwa, akayatazama yale magurudumu yakizunguka. Kanisani padri alipohubiri msamaha, aliitikia kwa kichwa, moyoni akisema: Bwana, nitasamehe, lakini kwanza aseme.

Basi wanaume wakala ugali na dagaa wakavu, upepo unawachapa migongoni, na maneno yakamgeukia Mayige.

"Wewe, ulimfanya nini mama wa watu?" Anatoli, binamu yao, alimchokoza. "Ulimvunjia chungu?"

"Kama ni faini, toa mbuzi tunywe supu!" mwingine akadakia. Wakacheka. Mayige hakucheka.

Jioni moja akaja jikoni na jogoo kwapani.

"Shemeji, yaishe. Nimekuletea huyu."

"Mrudishe bandani kwake. Ule uongo ulinipa wapi?"

"Pale uwanjani."

"Na watu walikuwepo?"

"Walikuwepo."

"Basi na ukweli uupeleke kwa watu. Usininong'oneze mimi."

Mayige akaondoka, jogoo akitapatapa kwapani. Benedikta aliacha mlango wazi, akageuza sikio.

"Ekseli haikukatika," sauti ya Mayige ilisikika kule motoni. "Niliogopa ng'ombe wangu wasivunjike miguu topeni."

Moto ulipasuka cheche.

"Ng'ombe," alisema Limbu.

Benedikta alijifunga kanga, akakinyanyua chungu kwa matambara, akakipeleka. Akamimina kwenye bakuli kubwa la wote. Mvuke ukapanda, wanaume wakasogea. Mayige naye akakata tonge, akanyoosha mkono.

"Ngoja, shemeji. Chako hiki."

Akamwekea kibakuli cha bati, kimejaa mpaka ukingoni, na mfupa wenye uboho juu yake. Pale motoni hata mpita njia huchovya na wenyeji. Mtu wa ukoo kutengewa chombo chake, kila aliyekuwepo alijua maana yake. Mayige akamtazama Limbu. Limbu alichovya, akatafuna, macho yake kwenye bakuli la wote. Anatoli alijivuta kidogo, mgongo wake ukaziba ile nafasi aliyokuwa amekaa Mayige.

"Kunywa, itapoa," Benedikta akasema kwa upole. "Supu yangu simnyimi mtu."

Akanywa. Ilikuwa tamu, na jasho likamtoka kama wenzake.

Kesho yake chungu kilikuja tena, na kibakuli cha bati juu ya mfuniko. Mayige akakipokea kwa mikono miwili.

"Mpaka lini, shemeji?" aliuliza chinichini.

"Baridi ndiyo kwanza inaanza," alijibu Benedikta, akamwongezea supu.