Kioo Kilichokataa Kuota Nywele

Kwa miezi saba kioo kilikataa kuota nywele, na Urai akakaribia kukichukia.

Sisi wa ghorofa ya tatu tulizoea kumsikia akisema nacho. "Nikufanyie nini tena?" alikiuliza, akikiinua kwenye mwanga wa dirisha. "Nimekuosha. Nimekukausha. Nimekupaka dhahabu. Wanangu sikuwaogesha hivi."

Alikuwa fundi wa maabara katika chuo hapa Hat Yai, kusini mwa Thailand, mwanamke wa miaka arobaini na sita, mtoto wa wagema mpira, asiye na shahada. Miaka kumi na minane aliosha vyombo vya wanafunzi wa mwaka wa kwanza huko chini, mpaka mwalimu Sutham alipoona kwamba mikono yake haitetemeki, akampandisha juu kwenye kazi ya nywele.

Kazi yenyewe ni hii. Juu ya kipande cha kioo kilichopakwa dhahabu unaotesha nyuzi za plastiki, ndogo kuliko chochote jicho linachoweza kuona, kila uzi umeshika kwa ncha moja, zote zimebanana kama nywele za brashi. Kisha unadondosha tone lenye chembe za dhahabu, nazo zimevishwa nywele zake. Tone linapokauka, nywele husukumana, na chembe hujipanga zenyewe, safu kwa safu, bila mkono wa mtu. Zikijipanga, pale panang'aa kama shingo ya njiwa. Zisipojipanga, linabaki doa la kahawia, kama la chai iliyosahauliwa kikombeni.

Urai alikuwa amepata madoa matupu.

Lawama zilimwangukia Pailin, mwanafunzi wa shahada ya uzamivu, maana yeye ndiye aliyeotesha nyuzi kwenye vioo alivyoandaa Urai. "Unaingiza hewa," mwalimu alimwambia kila Ijumaa. "Hewa kidogo tu, nyuzi zinakufa." Pailin alibadili mpira wa gesi ya kufukuzia hewa, akabadili mtungi, akabadili hata saa ya kufanya kazi. Alikonda. Wali wake ulikuwa unapoa mezani, na mchuzi ukibaki ndani ya mfuko wake wa nailoni haujafunguliwa.

Mwishoni mwa Machi mwalimu akachoka. "Nawapa mpaka Ijumaa ya mwisho kabla ya sikukuu ya maji ya Aprili," alisema. "Baada ya hapo kazi inakwenda Bangkok. Pailin, utatafuta mada nyingine. Na wewe dada Urai, huko chini wanakuhitaji."

"Wananihitaji kwa sinki," alinong'ona Urai. Hakuna aliyecheka.

Wiki iliyofuata binti wa dada yake alikuwa anaolewa. Urai akapanda pikipiki yake hadi kijijini, huko kwenye mashamba ya mpira, nyumba imejaa wanawake wanaokuna nazi na kusengenya familia ya bwana harusi. Dada yake mkubwa, Jariya, akamkabidhi mkanda wa fedha wa marehemu mama yao, ambao bibi harusi angeuvaa asubuhi.

"Wewe ndiye uliyeuhifadhi mara ya mwisho," Jariya alisema. "Ufungue."

Urai akafungua kitambaa. Mkanda ulikuwa umeviringishwa vizuri na kufungwa kwa vile vimpira vyembamba tunavyofungia mifuko ya mchuzi. Alipovitoa, chini ya kila kimoja palikuwa na mstari mweusi tii, kana kwamba mtu amechora kwa wino.

"Wee Urai!" Jariya alipiga makofi. "Nani anafunga fedha kwa mpira? Umezaliwa humu humu kwenye mpira, hujui mpira wa dukani unatiwa salfa?"

"Mwacheni, yeye ni mtu wa chuo," alisema shangazi mmoja. "Huko hawavai fedha, wanavaa koti." Wanawake wakaangua kicheko.

Urai alipitisha kidole juu ya ile mistari myeusi. Alikuwa ameketi sakafuni na mkanda mapajani, akiyaona kichwani masanduku yake ya kuhifadhia vioo kule maabara, moja moja. Vifuniko vyake vilikuwa vimelegea, na yeye, kwa kuwa hatupi kitu, alikuwa akivifunga kwa vimpira vya mchuzi wa mchana. Miezi saba. Salfa huvuja kwenye mpira kama mvuke, nayo inaipenda dhahabu. Ilikuwa inatangulia kukalia kila kiti, na nyuzi za Pailin zilipofika hazikupata pa kushika.

"Mjinga mimi," alisema. Jariya akadhani anazungumzia mkanda.

Jumatatu alimkuta Pailin akifungua mtungi mpya wa gesi.

"Acha huo mtungi, mdogo wangu. Si hewa. Ni mimi."

Akamweleza. Pailin alisikiliza akiwa ameshika spana. Alipoelewa, aliiweka chini polepole, akaanza kulia kwa sauti, na katikati ya kilio akamfokea mtu aliyemzidi miaka ishirini, jambo ambalo sisi hatulifanyi. "Vimpira vya mchuzi, dada! Nimeitwa mzembe mbele ya watu kwa ajili ya vimpira vya mchuzi!"

"Fokea tu," alisema Urai. "Kisha twende kwa mwalimu, alisikie likitoka kinywani mwangu."

Mwalimu hakufoka. Alivua miwani, akaifuta muda mrefu. "Tarehe haisogei," alisema.

Urai akaandaa vioo upya, akavifunika kwa sahani safi za kioo. Pailin akaotesha. Jumatano, siku mbili kabla ya ile Ijumaa, wakadondosha tone la kwanza, wakaketi bega kwa bega wakilitazama. Ukingo ukakauka kwanza. Kijani. Kisha zambarau, ikienea kuelekea katikati, shingo nzima ya njiwa.

Pailin aliruka, akaita ghorofa nzima. Urai alibaki kwenye kiti, uso umekunjamana.

"Dada, kazi imebaki hapa! Mbona hufurahi?"

"Ingekuwa ngumu, ningefurahi," alisema Urai. "Imekubali mara moja, Pailin. Mara moja tu! Bila vimpira vyangu ingekubali toka Agosti."

Pailin akarudi kuketi kando yake. "Mimi sijakusamehe bado," alisema baadaye. "Labda baada ya sikukuu."

"Usiharakishe," alisema Urai, akamsogezea kioo cha pili.