Tone Linalobaki kwenye Pipeti

Mama yangu alianza chuo kikuu mwaka ule ule nilioanza kufundisha humo, na bahati mbaya ikamleta kwenye maabara yangu.

Nasema bahati mbaya kwa sababu mimi ni mtu wa hasira za karibu, na mama ni mtu wa maswali. Miaka kumi na tisa alikaa kwenye dirisha la dawa la zahanati, akiwapimia watoto wa watu dawa ya homa na ya kikohozi. Siku nilipomaliza shahada ya kwanza alinikumbatia, akanivua joho, akalivaa yeye, akajitazama kwenye kioo cha gari la watu. "Limenikaa," alisema. "Sasa zamu yangu." Tulidhani anatania. Mwaka uliofuata alikuwa na kitambulisho cha mwanafunzi wa kemia, na picha iliyomtoa kama mtu aliyekamatwa.

Mimi wakati huo nilikuwa nasoma shahada ya pili, na kazi yangu ya pembeni ilikuwa kusimamia mazoezi ya maabara ya mwaka wa kwanza. Tuliwekeana sharti mapema, jikoni, mwiko mkononi mwangu. Ndani ya maabara hakuna mama wala mwana. Yeye ataniita mwalimu, mimi nitamwita kwa namba ya meza yake, Kumi na Nne, kama ninavyowaita wenzake wote. Sikutaka mtu aseme nambeba.

"Sawa, mwalimu," alisema. "Sasa geuza hivyo vitunguu, unaniunguzia."

Wenzake, vijana ambao angeweza kuwazaa, hawakumaliza wiki mbili kabla ya kumpa jina: Mama Kwanini. Daftari lake lilikuwa na maswali upande wa kushoto, na upande wa kulia alama ya vema kwa kila lililojibiwa. Kwa nini pipeti, ule mrija wa glasi wa kupimia, ina tumbo katikati na shingo nyembamba? Vema. Kwa nini asidi inamiminwa kwenye maji, na si maji kwenye asidi? Vema, ila nilimweleza mara mbili, na mara ya pili nilikuwa bafuni, sabuni imenijaa machoni, yeye yuko nje ya mlango na kalamu. Profesa akifuta ubao kabla hatujanakili, anamfundisha nani? Hilo alimuuliza profesa mwenyewe. Darasa likavunjika mbavu. Profesa naye, tumshukuru Mungu, alicheka, akaandika upya.

Kilichomkwamisha kilikuwa jaribio la vitendo. Unapewa besi, kimiminika kilicho kinyume cha asidi, unaivuta kwa pipeti mililita ishirini na tano kamili, unaiweka kwenye chupa, unatia kiashiria mpaka inakuwa rangi ya waridi. Kisha unadondosha asidi kutoka kwenye bureti, mrija mrefu wenye namba na koki chini, taratibu, mpaka ile rangi ipotee, na unasoma umetumia asidi kiasi gani. Jibu sahihi analo profesa ndani ya bahasha. Unaruhusiwa kukosea sehemu tano za mia za mililita, yaani kama tone moja tu. Nafasi ni tatu. Ukianguka ya tatu, unaondolewa kwenye kozi.

Mara ya kwanza mama alizidisha sehemu nane za mia. Mara ya pili alizidisha nane. Si saba, si tisa. Mtu mzembe hukosea huku na huku, leo juu, kesho chini. Anayekosea mahali pale pale ana mazoea fulani mkononi, na mtu anayesomea kemia kama mimi anapaswa kwenda kusimama karibu naye na kuyatafuta. Sikwenda. Kila meza nilikuwa naipitia isipokuwa ya kwake, nisije nikasemwa. Nilikuwa nampigia kelele toka mbali, "Umakini, Kumi na Nne!" halafu najiona mwadilifu.

Alipoanguka mara ya pili alirudi nyumbani, akakunja koti lake jeupe, akaliweka juu ya kabati, kule tunakoweka vitu tusivyovitumia. Nilimsikia akipiga simu zahanati kuuliza kama dirisha lake limeshapata mtu. Siku tatu nzima hakuuliza swali hata moja. Maisha yangu yote nilikuwa naomba kimya ndani ya nyumba ile, na nilipokipata kilinitia hofu.

Jumamosi asubuhi niliamka na kikohozi. Sikumaliza kukohoa mara ya pili, mama akatokea na chupa ya dawa na kikombe kidogo cha plastiki cha kupimia.

"Fungua mdomo."

"Mama, nina miaka ishirini na sita."

"Sijakuuliza umri."

Alimimina mpaka kwenye mstari, akaninywesha. Halafu akakipindua kikombe juu ya mdomo wangu wa chini, akawa anakigonga kitako kwa ukucha, ko, ko, ko, macho kayakaza, akisubiri lile tone la mwisho lishuke. Likashuka. Hivyo ndivyo alivyoninywesha dawa tangu sijui kutembea, na hivyo ndivyo alivyowanywesha watoto wote wa mtaa.

"Mama," nilisema, dawa bado iko kooni, "lile tone linalobaki kwenye ncha ya pipeti, unalifanyaje?"

"Nalitoa."

"Unalitoaje?"

"Nabana ule mpira wa kuvutia, kule juu, fyu, linatoka. Likijifanya kaidi naligonga kidogo."

Nilikaa chini, pale pale sakafuni. "Linatakiwa libaki!"

"Libaki? Mtoto apungukiwe?"

"Huyo si mtoto, mama! Ni besi! Na mwongozo umeandikwa wazi, usilitoe!"

Alikwenda chumbani, akarudi na daftari, akalifungua ukurasa wa wiki ya pili, akaniwekea chini ya pua. *Kwa nini tone la mwisho lisitolewe? Ni la nani?* Upande wa kulia palikuwa peupe.

"Nilikuuliza," alisema. "Mbele ya watu. Ukasema, 'Endelea na kazi, Kumi na Nne.' Wakacheka. Nikajijibu mwenyewe kwamba aliyeandika mwongozo huu hajawahi kumnywesha mtoto dawa."

Nilikumbuka. Nilikumbuka hata nilivyogeuza mgongo haraka ili wasinione nikimtazama. Uso ulinishuka.

"Nisamehe, mama."

"Msamaha baadaye. Jibu kwanza."

Basi nikamjibu, sakafuni, kama nilivyopaswa kumjibu miezi miwili iliyopita. Waliotengeneza pipeti walijua glasi itashika tone moja kwenye ncha. Kwa hiyo wakachora ule mstari wa juu mahali ambapo kinachoshuka chenyewe kinatimia ishirini na tano. Tone la ncha halimo kwenye hesabu tangu mwanzo. Ukiliongeza, besi inazidi, na asidi ya kuimaliza inazidi vilevile.

Mama alikitazama kile kikombe mkononi mwake. "Kumbe walijua litabaki," alisema polepole. Kisha kicheko kikamtoka, kicheko kile cha kushika ukuta, akacheza jikoni na chupa ya dawa, akapanda kiti kulishusha koti. Alama ya vema alinilazimisha niiweke mimi, kwa kalamu yangu.

Wiki nzima tulifanya mazoezi kwa maji na mrija wa soda. Kidole chake kilikuwa kinakwenda kugonga chenyewe, nami nampiga kofi dogo mkononi.

"Usinipige, mimi mama yako!"

"Hapa ni maabara!"

Siku ya jaribio msimamizi alikuwa profesa. Mimi kazi yangu ilikuwa kugawa miwani ya kinga, nikasimama mlangoni na boksi langu, jasho linanitiririka. Pale meza ya kumi na nne mama aligusisha ncha ya pipeti kwenye ukuta wa chupa, akangoja. Besi ikashuka, tone likabaki. Kidole chake kikanyanyuka. Kikasimama hewani. Mama akakitazama kama anavyomtazama mtoto mtukutu, kisha akautia mkono wote mfukoni. Alifanya hivyo mara tatu, kwa vipimo vitatu.

Profesa alipokea karatasi yake, akafungua bahasha, akaangalia huku, akaangalia kule, akavua miwani.

"Tofauti ni moja ya mia," alisema. "Umefaulu. Umewashinda wote humu."

Vijana walipiga kelele za "Mama Kwanini! Mama Kwanini!" mpaka profesa akagonga meza. Mama alikuwa bado ameshika pipeti ya mwisho, wima, tone limening'inia kwenye ncha, machozi yanamshuka na meno yote nje. Akanyoosha mkono ulio huru. Hakumtazama profesa, alinitazama mimi.

"Mwalimu, nina swali."

Akaiinua ile pipeti juu kidogo.

"Hili lililobaki, sasa nalipeleka wapi?"

"Kwenye sinki, mama," nilisema.