Stempu ya Baba Mkwe

Nyinyi wajukuu mnaofuta mikunjo ya uso wangu kwenye picha za simu, wekeni simu chini kidogo mnisikize. Sikusoma sana, lakini hili nalijua.

Nakumbuka siku moja, nikiwa bibi harusi mgeni hapa Merigi, baba mkwe alikuwa akingoja mgeni: karani wa kiwanda cha chai kule Mogogosiek, mtu wa upande wa ziwa, mkusanyaji wa stempu za zamani. Mzee alikuwa na bahasha aliyoachiwa na babake, aliyewabebea wazungu barua kabla reli haijafika. Stempu yake ilikuwa ya India, imepigwa chapa juu yake jina la huku kwetu, kwa sababu zetu zilikuwa hazitoshi.

Bibi harusi anataka nyumba ing'ae. Nikaona muhuri mweusi wa posta umechafua uso wa malkia wa Kiingereza aliyekuwa kwenye stempu, nayo bahasha imejikunja kama sikio la ng'ombe mzee. Nikaweka maji ya vuguvugu kwa karai, niibandue stempu niioshe. Mama mkwe akanishika mkono bahasha ikiwa juu ya maji.

"Wewe msichana, kibuyu changu cha maziwa ya mursik nilichokifukiza moshi, ukikisugua na sabuni mpaka moshi huo utoke, umekisafisha ama umekiua?"

"Nimekiua, mama."

"Basi hayo maji oshea miguu. Nayo inahitaji."

Mgeni akaja, akaishika bahasha kama kifaranga.

"Mzee, stempu hii ikiwa peke yake nimeiona mara nyingi. Lakini hii iko kwa bahasha yake, muhuri unasomeka ilitumwa wapi, meno ya ukingo wa stempu hayajang'oka hata moja. Za namna hii zimebaki chache. Mngeibandua, ningekunywa chai niende zangu."

Mama mkwe akamwongezea chai. "Huyu msichana wetu ni mwangalifu sana na vitu vya wazee," akasema. Nikatazama sakafu. Hakunisema kwa mzee kamwe, mpaka siku tulipomzika mama huyo.

Wajukuu wangu, asiyejua maana haambiwi maana, na mimi karibu nisiijue. Alama ya safari ndiyo thamani. Ukiisugua unabaki na karatasi. Na ukimkuta mwenzako karibu kukosea, mshike mkono, halafu mfunikie aibu yake.

Mungu awape mikono mipole, na mama mkwe kama wangu.

Na kwa nyumba hii nimeshasema: kitu cha mzee hakioshwi, hakikatwi, hakibanduliwi, mpaka mwenyewe aulizwe.