Walinzi Wanne

Asubuhi ile mawingu yalikuwa mazito upande wa ziwa, kwa hiyo tulianua dagaa mapema. Kwetu ni Kamanga, ng'ambo ya jiji la Mwanza, mahali kivuko kinaposhusha watu. Dagaa wakinyeshewa wakiwa chanjani wanabadilika rangi, na mnunuzi anawaita chakula cha kuku. Mama alikuwa akiwakusanya kwa mikono miwili na mimi nimeshika mdomo wa gunia. Baba alikaa kizingitini akishona wavu.

Mama aliuza dagaa Kongo. Wanawake kadhaa wa kwetu wanafanya biashara hiyo. Magunia yanapakiwa kwenye lori, yanapita Rwanda, yanateremshwa kwenye mji mdogo wa milimani ambako dagaa wa ziwa letu wanapendwa kuliko nyama. Safari hiyo aliamua twende wote. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba miaka kadhaa nyuma, na sikuwa na shughuli nyingine zaidi ya hiyo ya kushika magunia.

"Huko utajifunza kuongea, Nyamizi," aliniambia. "Hapa mtu akikuuliza jina lako unaniangalia mimi."

"Akishajifunza umrudishe upesi," alisema baba. "Ingawa mwenye kelele humu ndani anatosha mmoja."

Mama akamtupia dagaa. Akamkosa. Baba akamwokota, akamla.

Kule tulifikia kwa Mama Furaha, mjane aliyekuwa akinunua magunia ya mama na kuyauza rejareja sokoni. Alikuwa mnene, mcheshi, na alipenda kumtania mama kwamba Watanzania wanaongea Kiswahili kama wanasoma redioni. Siku za mwanzo biashara ilikwenda vizuri.

Kisha tukaanza kusikia milio kutoka mlima wa pili. Nilidhani ni watu wanapasua mawe, kama kule Mabatini, Mwanza. Mama Furaha alisimama na mwiko mkononi, akasikiliza, akaanza kufunga nguo zake kwenye shuka. Alikuwa amewahi kuisikia milio hiyo mara nyingi.

Jioni barabara ilijaa watu wanaoteremka. Walibeba magodoro, masufuria, wagonjwa. Walisema vijiji vya juu vimechukuliwa na wenye bunduki. Sisi tuliingia kwenye uwanja wa shule ya msingi pamoja na wengine, tukapata kona katika darasa lisilo na madirisha.

Shirika la misaada lilikuja kwa magari meupe. Miongoni mwa wafanyakazi wake alikuwepo kijana wa Bukoba, Deo. Mama alipomsikia anavyoongea aliruka kama aliyemwona ndugu. Tangu hapo mimi nikamwita Kaka Deo. Alikuwa mrefu, mwembamba, amevaa kizibao chenye mifuko mingi, na alikuwa anatuhangaikia kweli. Nalisema hili mapema ili asije mtu akamdhania vibaya.

Siku ya kwanza alitukusanya uwanjani. "Walengwa wa awamu hii," alisema, "ni wazee, wagonjwa, na akina mama wenye watoto wadogo."

Mzee mmoja aliyekuwa amekalia ndoo yake alisimama.

"Wanalengwa na nani?"

Kaka Deo hakulielewa swali. "Na mpango huu, mzee."

"Kijana, sisi hapa kulengwa ni kuona mdomo wa bunduki. Miye si mzee. Uniandike kijana."

Watu wakacheka, hata waliokuwa wakilia. Kaka Deo naye alicheka, kisha akaona aibu. Akaeleza kwamba maana yake ni watakaopewa unga na blanketi kwanza. Mzee akasema ikiwa ni hivyo basi amezeeka tena. Kuanzia siku hiyo Kaka Deo alisema "watakaopewa kwanza", na hakuna aliyeogopa.

Kesho yake walisimamisha hema karibu na lango. Likabandikwa bango lenye neno moja, kwa herufi kubwa: ULINZI.

"Mtu aliyepigwa, aliyedhulumiwa, mtoto aliyepotezana na wazazi wake, waje hapo," alisema Kaka Deo. "Ulinzi upo saa zote."

Neno hilo hakuna aliyeliuliza. Lile la walengwa tuliliuliza kwa sababu lilitutisha. Hili lilikuwa neno letu. Mlinzi tunamjua wote. Anakaa mlangoni mwa ghala na silaha yake, na mwizi akija anamkuta yeye kwanza.

Mama peke yake ndiye aliyetaka kujua zaidi. "Mko wangapi, baba?"

"Timu ya ulinzi tuko wanne, mama. Wengine wako njiani."

"Wanne," mama alimwambia Mama Furaha. "Si wengi. Lakini wapo."

Mama Furaha alimtazama Kaka Deo anavyotembea na miguu yake ile myembamba. "Huyu njo mlinzi? Bunduki yake iko wapi?"

"Kwenye hiyo mifuko," alisema mama. "Huoni ilivyotuna?"

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Ulikuwa utani, lakini wote wawili waliamini kwamba bunduki zipo mahali, pengine ndani ya hema, zimefunikwa ili watoto wasizione.

Dereva wetu, Masanja, Msukuma wa Sengerema, alikuwa bado hajaondoka. Alikuja asubuhi akasimamisha lori nje ya lango bila kuzima injini.

"Mama Nyamizi, pandeni. Nikitoka leo sirudi tena."

Njia ilikuwa moja tu, ya msituni, na humo watu wenye silaha walikuwa wakisimamisha magari. Wanawake sita wa kwetu, wauza dagaa kama mama, walikuwa tayari wamepanda nyuma, wameketi juu ya maturubai. Mama aliwatazama. Akageuka akalitazama hema.

"Njiani nitalindwa na nani, Masanja? Wewe na pancha zako?"

"Tutaendesha bila kusimama."

"Hapa kuna walinzi," alisema mama.

Aliomba simu ya Masanja akampigia baba. Nilisimama karibu yake na nilisikia pande zote mbili.

"Baba Nyamizi, usiwe na wasiwasi. Tuko kwenye ulinzi."

"Ulinzi wa nani?"

"Wa shirika. Wako wanne, na wengine wanakuja. Yupo hata kijana wa Bukoba."

Baba akasema, "Basi kaeni hapo hapo. Msitoke."

Lori likaondoka.

Wengine waliotajwa kuwa njiani hawakufika. Tulikula unga wa shirika, tukapanga foleni ya maji. Milio ilihama kutoka mlima wa pili ikaja mlima wetu. Kila ilipozidi, watu walisogeza magodoro yao karibu na hema. Kaka Deo alidhani wanafuata kivuli. Aliniambia mwenyewe baadaye.

Wenye bunduki walikuja mchana, nikiwa kwenye foleni ya maji na mama.

Waliruka ukuta wa nyuma, kwenye vyoo.

Sikuwaona vizuri. Niliona mtungi wa mwanamke aliyekuwa mbele yetu ukitoboka, maji yakatoka matundu mawili, kisha yeye akakaa chini kama aliyechoka.

Mama akanishika mkono. "Kwa walinzi!"

Uwanja mzima ulikimbilia huko huko. Hakuna aliyekimbilia darasani kwenye kuta za mawe. Hakuna aliyekwenda kwenye mtaro. Wote tulikimbilia kitambaa.

Tuliingia.

Ndani kulikuwa na meza, viti vya plastiki, na watu wanne wamelala kifudifudi.

"Mama, lala chini!" alipiga kelele Kaka Deo.

Mimi nililala. Mama hakulala. Alibaki amesimama katikati ya hema, anageuza kichwa, anaangalia pembeni, chini ya meza, nyuma ya makasha. Nilielewa anatafuta nini.

"Inukeni," aliwaambia. Hakuwa na hasira. Alisema kama unavyomwamsha mtu aliyepitiwa na usingizi. "Walinzi, inukeni."

Turubai likatoboka.

Alianguka juu ya miguu yangu. Kaka Deo alitambaa akaja, akabana jeraha kwa kizibao chake. Kalamu zikamwagika kutoka mifukoni, na simu, na chaki za watoto. Alibana mpaka muda mrefu baada ya mama kuwa ameondoka. Nilimwambia aache, akaendelea.

Wenye bunduki walichukua unga na gari moja, wakaenda zao. Mama Furaha tulimkuta mlangoni mwa hema. Hakufika ndani. Tuliwazika wote, na wengine wengi, kwenye kiwanja cha mpira. Walinzi wanne walichimba pamoja na sisi. Mimi nilirudishwa Mwanza na shirika hilo hilo, kwa ndege ndogo, na kutoka jijini nikavuka na kivuko peke yangu.

Lori la Masanja lilifika salama. Alikuja msibani, akakaa kwenye mkeka na kofia magotini. Wanawake wale sita walikuja pia. Waliimba vizuri.

Baba alikuwa na swali moja tu. "Hao walinzi walikimbia?"

"Hawakukimbia, baba. Hawakuwa walinzi wa namna hiyo."

"Kuna namna ngapi?"

Nilijaribu kumweleza. Mimi si mtu wa maneno, na yeye hakuwa na nafasi ya kuyaweka. Akabaki akijua kwamba kulikuwa na wanaume wanne wenye silaha, na kwamba walimwacha mke wake. Aliwaeleza hivyo majirani. Nikaacha kumkatalia.

Mwaka mmoja na kitu baadaye, Kaka Deo alikuja Kamanga. Alikuwa na kikao cha kazi Butimba, upande wa jiji, akavuka baada ya kikao. Baba alikuwa kizingitini na wavu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ni nani?"

"Naitwa Deo. Nilikuwa na mama kule."

Baba alichomeka sindano kwenye wavu. "Wewe ndiye mlinzi?"

Nilitaka kujibu mimi. Kaka Deo akaniwahi.

"Ndiyo, mzee. Ndiyo kazi yangu inavyoitwa."

"Na wenzako watatu?"

"Wazima."

"Na wewe mzima."

"Mimi mzima."

Baba alimwonyesha kigoda. Kaka Deo akakaa, akaeleza. Alisema kwao ulinzi ni mwanamke aliyebakwa kufikishwa hospitali bila kuaibishwa, mtoto kutafutiwa ndugu zake, mnyonge asinyang'anywe mgawo wake. "Kuzuia risasi hatuwezi, mzee. Hatukuwahi kuweza hata siku moja. Nilidhani wanajua."

"Mama naye alidhani anajua," nilisema.

Alinitazama, akaitikia kwa kichwa. Akasema siku hizi akifika mahali jambo la kwanza analotamka ni kwamba wao hawana bunduki, na wakija wenye bunduki wao pia watakimbia. Kisha anamwomba mtu mmoja mmoja amrudishie kwa maneno yake mwenyewe alichosikia.

"Wanasemaje?" aliuliza baba.

"Wengine wanafunga mizigo siku hiyo hiyo."

"Wanafika huko wanakokwenda?"

"Baadhi, mzee. Si wote."

"Na lile neno bado mnalo?"

"Bado. Leo Butimba tumebishana juu yake asubuhi nzima. Mmoja alitaka tuseme utetezi, mwingine akasema hiyo ni mahakamani. Hatukupata jingine tulilokubaliana."

Baba aliushika wavu, akaanza kulitafuta tundu alilokuwa akiliziba. Lilimpotea.

"Mimi ndiye niliyewaambia wakae," alisema.

Sikuwahi kumsikia akilitamka. Kaka Deo alifungua mdomo, nikaona ana neno la kumfariji, neno zuri la kazini kwao. Akalifikiria. Akafunga mdomo.

Ugali ulikuwa tayari na samaki wameiva. Baba aliniambia nimnawishe mgeni. Nilileta birika na beseni, Kaka Deo akanyoosha mikono, nikamwagia. Kisha nikamgeukia baba na birika.

Akatikisa kichwa. Mgeni akala peke yake.