Mkaa wa Mifupa Ukishiba

Miaka ile ya mwanzo ya soko huria, maduka ya Same yalipoanza kujaa ndoo za plastiki za kila rangi, nilikuwa mwalimu wa kemia. Mama yangu aliishi tambarare, upande wa Kihurio, akinywa maji ya kisima yenye floraidi nyingi, madini yanayoharibu meno. Wajukuu aliokaa nao meno yao yalikuwa ya kahawia. Nikamtengenezea chujio: ndoo iliyojazwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, uliosagwa chembechembe.

“Huu mkaa unaimeza hiyo floraidi?” aliuliza.

“Hauimezi, mama. Inanata juu ya chembe, kama masizi kwenye sufuria.”

“Na chembe zikijaa?”

Nilijua mkaa huchoka. Utachoka lini, sikujua.

Nikalipeleka swali mjini, kwa mhandisi wa maji, dada mmoja aliyehamia kutoka Mbeya. Ofisi yao ilikuwa imepata kompyuta yenye programu ya kuiga mwendo wa maji. Aliigawa ndoo yangu pale kwenye kioo cha kompyuta ikawa vyumba vidogo vidogo, kama sega la nyuki. Kila chumba tukakipa habari zake: maji yanaingia kwa kasi gani, chembe zina nafasi kiasi gani, floraidi ikishanata inabanduka kwa urahisi gani. Umeme ukakatika, tukaanza upya. Alasiri, rangi nyekundu, yaani floraidi, ikaanza kushuka ndani ya ndoo taratibu, ukingo wake umenyooka kama uzi. Nilisahau hata njaa.

“Nyekundu ikifika chini, mkaa umeshiba,” alisema.

Lakini tulipopima ndoo halisi, floraidi ilipenya mapema mno kuliko kompyuta ilivyosema. Tulibishana sana. Mwishowe dada yule akajaza mkaa kwenye chupa ya kioo, akamimina maji yenye wino.

“Tazama! Yanapita ukutani!”

Kweli, pembeni chembe hazikubanana, na maji yakapata njia ya mkato. Tukavipanulia njia vyumba vya pembeni kwenye kompyuta. Safari hii nyekundu ikatangulia kandokando, na hesabu ikakaribiana na vipimo vya ndoo halisi. Basi tukakata pete za mpira wa tairi, tukazibana ndani ya ndoo ili maji yarudi katikati.

Chujio likadumu zaidi. Mama alilalamika kwamba maji yamekosa ladha, lakini akayanywa. Mimi nilianza kwenda kila Jumamosi kwenye ile ofisi, na maswali mapya.