Pikapu Imepona, Abiria Bado

Pikapu kuukuu ya dizeli inayotupandisha milimani kutoka Same ilikuwa haiwaki kwa ufunguo. Kule juu dereva huilaza ikitazama bondeni, asubuhi anaiachia tu. Huku mjini, kwenye tambarare, tunasukuma sisi abiria.

Juzi fundi wa stendi alichoka kututazama. "Washa," akamwambia dereva. Ikalia "tk", kisha kimya.

"Betri hiyo," akasema mama mmoja mwenye kapu la samaki.

"Mama, taa zinawaka kama za harusini. Betri nzima." Fundi akaingia uvunguni, akagusisha kwa bisibisi nati mbili za stata, ile mota ya kuwashia injini, injini ikanguruma. "Stata nayo nzima. Mgonjwa ni waya." Akauchomoa waya mwembamba utokao kwenye swichi ya ufunguo, umeliwa na kutu. Akafunga mpya, akazima injini.

Tukapanda. Dereva akashika ufunguo. Hakuna aliyetuambia kitu, lakini wote tuliruka chini, tukajipanga nyuma, tukainama. Injini ikawaka mara moja, pikapu ikaondoka, tukabaki barabarani tunasukuma hewa.

"Samaki wangu!" akapiga kelele yule mama.

Fundi akafuta mikono. "Haya, na nyie nani awatengeneze?"

Dereva alishtuka kituo cha kwanza, alipokosa mtu wa kumshusha. Akarudi, akazima injini ili atuombe radhi vizuri. Tukapanda tena. Alipogusa ufunguo, nilijikuta mguu mmoja tayari uko chini.